Daktari kasema Komando kanenepa, mama mkwe anasema Pili anakufa njaa

SWALI

Dokta, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ilazo hapa Dodoma. Tulihama kutoka Dar es Salaam mume wangu alipohamishiwa Mtumba, na kwa kuwa nyumba tuliyopata iko pembeni na upande mmoja tumepakana na viwanja vitupu, tukatafuta mbwa wa ulinzi.

Tunao wawili. Komando ni dume, chotara wa German Shepherd, ana miaka minne. Tulimhasi mwaka jana kwa sababu alikuwa anaruka ukuta kufuata majike. Pili ni jike wa kienyeji tuliyepewa na fundi aliyetujengea banda, anakaribia miaka miwili. Wanakula chungu kimoja: ugali wa dona na dagaa au utumbo, asubuhi kidogo, jioni ndiyo chakula chenyewe. Makombo ya mezani nayo yanaenda huko huko.

Shida imeanza hivi karibuni, alipokuja daktari wa mifugo kuwachanja kichaa cha mbwa. Alimshika Komando mbavuni, akatikisa kichwa, akasema, "Huyu amezidi, mpunguzieni chakula." Kwa Pili akasema, "Huyu yuko vizuri." Akaondoka, alikuwa na nyumba nyingine za kwenda. Mama mkwe wangu, ambaye amekuja kutoka Kongwa kukaa nasi, alikuwa barazani anasikia yote. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Anasema amefuga ng'ombe na mbwa tangu hajaolewa, na hajawahi kusikia mnyama aliyenawiri anaambiwa amezidi na aliyetoka mbavu anaambiwa yuko vizuri. Tangu siku hiyo Pili anapewa uji asubuhi nikiwa sipo, na majirani wameshasikia kwamba nina ubaguzi, namlisha mbwa wa kizungu namnyima wa kienyeji.

Mume wangu yuko upande wa mama yake, ila kwa sababu zake. Anasema mbwa wa ulinzi lazima awe na mwili, mwizi akichungulia getini aone kitu. Mlinzi wetu wa usiku hasemi neno, lakini nimewahi kumkuta saa tano usiku anamegea Komando chapati. Watoto nao wanampa zabibu. Unajua msimu ukifika hapa kwetu zilivyo nyingi, basi wanamrushia moja moja anadaka.

Nikataka ushahidi. Tulimpakia Komando kwenye gari hadi duka moja la nafaka Majengo, wakamkalisha kwenye mizani ya magunia: kilo 43. Pili alibebwa na mume wangu wakapanda wote mizani ya nyumbani, tukatoa uzito wa mume: kilo 16. Nimejaribu kutafuta mbwa wa aina ya Komando anatakiwa awe na kilo ngapi, nikazidi kuchanganyikiwa, kila mtu ana namba yake na chotara hawamtaji.

Komando ana manyoya mengi na mwili wa duara, akipanda ngazi tatu za baraza anahema. Mbavu zake mpaka nibonyeze kwa nguvu ndiyo nazipata. Karibu na mkia nyama inatikisika. Pili ana kiuno chembamba, akikimbia naona mbavu mbili tatu za mwisho, lakini haumwi, anachangamka, na dawa ya minyoo amepewa.

Nitajuaje kwa uhakika nani amenenepa na nani amekonda, bila kutegemea macho ya mtu? Na kama Komando kweli amezidi, napunguzaje chakula kwenye nyumba ambayo kila mtu ana mkono wake? Mama nimwambieje bila kumvunjia heshima? Halafu kuna unga wa mahindi aliokuja nao, umeota ukungu kidogo. Anasema sisi hatuwezi kuula, lakini mbwa watakula. Hilo nalo sijui kama ni sawa.

Mama wa Ilazo


JIBU

Dada yangu wa Ilazo, nianze na ulilolitaja mwisho, maana haliwezi kusubiri. Huo unga usiwape mbwa, wala kuku. Ufukieni shimoni. Mahindi na karanga vikiota ukungu vinaweza kuwa na sumukuvu, na mkoa wetu unaifahamu vizuri: mwaka 2016 watu 68 waliugua Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, 20 wakafariki. Kuchemsha hakuiondoi, kuchekecha hakuiondoi. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Ini likiharibika anaacha kula, anatapika, weupe wa macho na fizi vinakuwa njano, na wengine tumbo linajaa maji. Hapo utamkuta mbwa mbavu zinahesabika huku tumbo limetuna, na mtu mwenye nia njema anapita anasema siku hizi kanenepa. Ukiona umbo hilo kwa mbwa yeyote, mkubwa au mtoto, usimweke kwenye kundi la wanene. Kwa mtoto wa mbwa mara nyingi ni minyoo. Kwa mbwa mkubwa inaweza kuwa ini, moyo au kitu kingine kinachohitaji daktari wiki hiyo hiyo, isipokuwa kama ni jike na ana mimba.

Na zabibu zikome leo. Ziwe mbichi au zilizokaushwa, zinaweza kuharibu figo za mbwa, na kiasi kinachodhuru hakitabiriki: mmoja anakula za kutosha na haoni kitu, mwingine chache tu zinamlaza. Kwa sisi tunaoishi kwenye mashamba ya zabibu hili ni jambo la kuwafundisha watoto mapema, pamoja na vitunguu na chokoleti. Akizila tena, mpigie daktari wa mifugo hapo hapo, usingoje uone kama atatapika.

Sasa tuje kwa mbwa wenyewe.

Mizani inakupa uzito, haikwambii uzito huo ni misuli au ni mafuta. Viwango vya kimataifa vya German Shepherd vinataja kilo 30 hadi 40 kwa dume, lakini hao ni mbwa wasio chotara, wenye urefu wa sentimita 60 hadi 65 begani. Komando ni nusu, hiyo nusu nyingine hatujui ilitoka wapi, kwa hiyo orodha yoyote ya kilo utakayopewa haimhusu sana. Ndiyo maana yule daktari hakuuliza kilo, alipeleka mkono mbavuni moja kwa moja. Tunatumia kipimo cha alama 1 hadi 9. Alama 1 ni mifupa mitupu, 9 ni mafuta kila mahali, na mbwa walio wengi tunataka wawe kwenye 4 au 5. Unaweza kukifanya mwenyewe barazani kwa dakika mbili, na mtu yeyote nyumbani akikifanya sawasawa atapata jibu lile lile, au litatofautiana kwa alama moja.

Anza na mkono wako. Kunja ngumi, halafu pitisha vidole vya mkono wa pili juu ya vifundo. Mifupa imechomoza, na katikati yake pana mabonde. Mbavu zikiwa hivyo, mbwa amekonda. Sasa nyoosha mkono ule, uweke mezani kiganja kikiwa chini, na pitisha vidole juu ya mifupa ya nyuma ya mkono. Kila mfupa unausikia bila kubonyeza, ila kuna kitu chembamba kimeufunika. Mbavu za mbwa mwenye mwili unaofaa zinasikika hivyo. Geuza kiganja juu, upapase pale vidole vinapoanzia. Mifupa ipo, lakini mpaka ubonyeze. Mbavu zikiwa hivi, amezidi.

Ukishaizoea tofauti hiyo mwite mbwa. Asimame, usimpime amelala. Weka viganja viwili ubavuni nyuma kidogo ya miguu ya mbele, vidole gumba vikutane juu ya uti wa mgongo, kisha telezesha kwenda nyuma bila kukandamiza. Kwa Komando ingiza vidole chini ya manyoya, vinginevyo utapapasa manyoya tu. Mbwa wa aina yake ana manyoya ya tabaka mbili na yanaficha mengi, unene na wembamba pia. Nimeona mbwa wa manyoya mengi anayesifiwa mtaa mzima kwa mwili wake, na mkono ukiingia ndani unakutana na mifupa. Kama unataka kumwona kwa macho, mtazame siku ya kumwogesha, akiwa amelowa.

Baada ya mbavu, simama juu yake umtazame mgongoni. Mbavu zinapoishia, kabla ya nyonga, mwili unatakiwa uingie ndani pande zote mbili. Hicho ndicho kiuno. Kisha chuchumaa umtazame ubavuni: mstari wa tumbo unatakiwa upande kutoka kifuani kuelekea mapajani. Ukienda sambamba na sakafu, au ukining'inia, mafuta yameshajaa. Malizia kwenye shina la mkia, pale ulipoona nyama inatikisika. Nyama haitikisiki hivyo, dada. Hayo ni mafuta, na mbwa mwenye mwili wa wastani hapo unasikia mfupa bila kuutafuta.

Kwa ulivyoeleza, Komando yuko kwenye 7, na sitashangaa nikimshika nikampa 8. Pili nampa 4.

Najua hiyo 4 ndiyo itakayoleta maneno nyumbani, kwa hiyo nikueleze kwa nini siihofii. Pili ana manyoya mafupi, hana pa kuficha kitu. Mbwa wetu wa kienyeji wengi wana umbo jembamba kwa asili, na mbavu za mwisho kuonekana anapokimbia au anapogeuka ni kawaida yao. Ambacho kingenitia wasiwasi ni hiki: akiwa amesimama tu, pingili za mgongo na mifupa ya nyonga vinachomoza, mapaja yamesinyaa, juu ya macho pamebonyea. Mfungue mdomo uangalie fizi. Ziwe na rangi ya waridi. Zikiwa nyeupe, damu imepungua, na huku kwetu mtuhumiwa wa kwanza ni minyoo ya safura au magonjwa yanayoletwa na kupe, na kwa hali hiyo hata umpe uji ndoo nzima hatanenepa mpaka atibiwe. Dawa ya minyoo irudiwe kila miezi mitatu, utumbo upikwe uive ndipo wapewe, maana viungo vibichi kutoka machinjioni vinaleta tegu, na aina mojawapo humdhuru binadamu vibaya. Kupe watafute masikioni na katikati ya vidole, wanapenda kujificha huko.

Jambo jingine kuhusu Pili: umesema wanakula chungu kimoja. Je, wanakula sehemu moja? Mbwa wa kilo 43 akimaliza lake anahamia la mwenzake, na wa kilo 16 hawezi kubishana naye. Walisheni mbali mbali, mlango ukiwa umefungwa, halafu ndiyo useme Pili anapata chakula kiasi gani. Huenda unayemdhania analishwa sawa na mwenzake hajawahi kumaliza sahani yake.

Mama hajakosea kuhusu ng'ombe. Ng'ombe anayepelekwa mnada wa Msalato anauzwa kwa mwili wake, na kwa kiangazi cha huku mnyama aliyebeba mafuta ana akiba ya kumfikisha kwenye mvua. Macho ya Mama yamezoea kutafuta mafuta, na yanayapata. Mbwa haendi mnadani, wala hakosi chakula miezi minne. Lakini usimhubirie haya. Siku moja mkiwa mmetulia barazani, muulize mbwa waliokuwa wakifuatana na mifugo kwao Kongwa walikuwa na umbo gani, la Komando au la Pili. Usiongeze neno. Muache ajibu mwenyewe.

Shemeji naye ana hoja yake ya mwizi. Mwizi kwanza anasikia mbwa, kumwona baadaye. Na Pili, ambaye hakuna anayemhesabu, nina hakika ndiye anayeanza kubweka. Mbwa anayehema kwenye ngazi tatu atamkimbiza nani mpaka ukutani? Oktoba na Novemba, joto la Dodoma likipanda, mbwa mnene ndiye anayezidiwa haraka: mafuta yanabana joto ndani, na mbwa hana njia kubwa ya kujipoza zaidi ya kuhema. Mwambie pia habari ya utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002. Walichukua mbwa 48 wa aina ya Labrador, wakawapanga wawili wawili kutoka uzao mmoja, mmoja akala kawaida na mwenzake akapewa robo pungufu, maisha yao yote. Waliokula pungufu waliishi karibu miaka miwili zaidi. Umri wa kati ulikuwa miaka 13 dhidi ya 11.2. Maumivu ya viungo nayo yaliwachelewa. Na wale wenzao hawakuwa mapipa, walikuwa wamezidi kiasi tu, kama mbwa wengi ninaowaona mageti ya Dodoma.

Haya, chungu. Kwenye kipimo chetu kila alama inayozidi 5 ni kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito juu ya ule unaofaa. Tukimweka Komando kwenye 7 na kuchukua makadirio ya chini, amezidi kwa asilimia 20. Gawanya 43 kwa 1.2, unapata karibu kilo 36. Hiyo ndiyo shabaha ya kuanzia, tutaisahihisha kwa mkono kadiri anavyopungua. Kumhasi kumechangia pia. Mbwa akishahasiwa mahitaji yake hushuka kwa asilimia 20 hadi 30 hivi, na kwenu sahani imebaki ile ile. Mlifanya vizuri kumhasi, ila hakuna aliyewaambia mpunguze kijiko.

Mbwa wa kilo 36 anayetakiwa kupungua tunamkadiria kalori 1,030 kwa siku. Sasa angalia namba hizi. Robo kilo ya unga wa dona ni kama kalori 900. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti ni 120. Chapati ya mlinzi inaweza kupita 200, yaani sehemu ya tano ya siku nzima imeliwa saa tano usiku, na hujaweka makombo ya watoto. Kabla hujapunguza chochote, kwa siku tatu andikeni kwenye karatasi jikoni kila kinachoingia mdomoni mwake na aliyempa. Bila kugombana. Karatasi hiyo itafanya kazi ambayo mimi na wewe tukisema hatutaiweza.

Kisha upunguze ugali, usipunguze dagaa. Mbwa anayepungua anahitaji protini ili apoteze mafuta na kubaki na misuli. Kwa Komando unga usizidi gramu 150 kwa siku. Mwenye duka akupimie robo kilo, umimine kwenye kikombe au kopo la nyumbani, uone gramu 150 zinaishia wapi, uweke alama ya kalamu, na hapo ndipo mwisho. Nafasi inayobaki iwe ya dagaa wasiokuwa na chumvi, nyama isiyo na mafuta au utumbo uliochemshwa, na boga la kuchemsha kwa wingi. Boga linajaza tumbo kwa kalori chache, na mbwa wengi wanalipenda. Mafuta ya kupikia usiweke, ngozi ya kuku msimpe, mifupa iliyopikwa msimpe kabisa maana inavunjika vipande vikali. Mpango huu ni wa kupunguza uzito. Kumlisha hivyo miaka yote kunahitaji daktari aangalie madini, hasa kalsiamu, kwa sababu ugali na nyama peke yake havina ya kutosha.

Mikono sasa. Ukisema "asipewe na mtu mwingine" utapata utii wa siku mbili. Fanya hivi: kila asubuhi pima chakula chake cha siku nzima, weka kwenye chombo kimoja chenye kifuniko, na yeyote anayetaka kumpa kitu Komando achukue humo. Mlinzi mtengee dagaa kidogo kutoka humo humo awe nao usiku. Yule bwana anamega chapati kwa sababu wanakesha pamoja, na urafiki huo ni sehemu ya ulinzi wenu. Watoto wapewe vipande vya karoti badala ya zabibu. Na chombo chenyewe mkabidhi Mama. Mwambie, "Mama, wewe ndiye mwenye uzoefu wa mifugo hapa, naomba ukisimamie, mimi nashinda kazini." Akiwa mlinzi wa chombo hatakuwa mwizi wake. Uji wa Pili usiufute kwa nguvu pia. Uwe ni sehemu ya chakula chake kilichopimwa, na mpapaseni pamoja kila wiki mbili, yeye Mama aweke mkono kwanza.

Mazoezi yaanze taratibu. Mbwa anayehema hivyo usimkimbize. Mtembezeni na kamba saa 12 asubuhi, kabla ardhi haijapata moto, robo saa kwanza, mkiongeza kila wiki akionyesha anaweza. Nadhani mchana anashinda amefungwa bandani, ndivyo tunavyofuga wengi. Hilo nalo linamnenepesha, lakini chungu ndicho kinachoamua zaidi.

Mpimeni kila baada ya wiki mbili kwenye mizani ile ile ya Majengo, na kama mwenye duka atalalamika mnunulieni kitu. Kupungua kunakofaa ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki, kwa Komando ni kama gramu 400 hadi 800. Akipungua haraka zaidi ya hapo, ongeza chakula kidogo. Asipopungua kabisa kwa mwezi mzima, na karatasi ya jikoni inasema ukweli, mpeleke kwa daktari apimwe damu, hasa tezi ya thairoidi, maana ikidhoofika mbwa ananenepa hata kwa chakula kidogo. Kuhema kwake mwambie daktari hata kabla ya hapo. Huenda ni uzito tu, lakini moyo usikilizwe.

Mambo yakienda vizuri, miezi mitatu au minne atakuwa karibu na kilo 36. Hapo usirudi kwenye sahani ya zamani kwa kumsherehekea. Ongeza unga kwa gramu 20 au 30 kwa siku, subiri wiki mbili, papasa mbavu, pima, ndipo uongeze tena kama bado anashuka. Kiasi atakachosimama nacho bila kupanda wala kushuka kiandikwe kwenye mfuniko wa chombo.